Mwana Kupona binti Mshamu: Mgonjwa Aliyeitisha Wino na Karatasi

Katika wanawake wa Kiislamu waliopata kutajwa kwa ilimu na ucha Mungu katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, jina la Mwana Kupona binti Mshamu ni katika majina ya mbele. Utendi wake umesomwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Lakini watu wengi humjua kwa jambo moja tu, nalo ni wasia wake juu ya mke kumtii mumewe. Beti hizo ndizo husomwa arusini, na waume huzipenda sana, pengine kuliko zinavyowapasa, maana wachache huuliza mwenye kuzitunga alikuwa katika hali gani siku alipozitunga. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa amemaliza mwaka mzima akiuguzwa, naye ni mjane, na mtoto mmoja bado mdogo. Kwa hiyo habari zake zinawahusu sana Waislamu wa Gasorwe, na wa Muyinga na Gitega, katika zama hizi ambapo zimo nyumba zenye mgonjwa wa kansa, na jina la ugonjwa wenyewe hunong'onwa kama kwamba ni aibu.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Siyu zamani hizo ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono na kupambwa kwa rangi ilisifiwa pwani nzima, na kadhalika kazi za ngozi na za mbao. Ulikuwa pia mji wa watu wasiokubali kutawaliwa. Sayyid Said, mfalme wa Zanzibar, alipeleka majeshi kuutia katika himaya yake, na Bwana Mataka akampinga miaka mingi. Katika miaka ya 1840 jeshi la Sayyid Said lilivunjwa karibu na Siyu, na amiri wake akauawa.

Basi huyu mama hakuishi katika starehe za jumba lisilo na msiba. Alijua habari za vita, za jahazi zinazokuja usiku, na za wanaume watokao asubuhi na pengine wasirudi. Pamoja na hayo yote, yeye mwenyewe amesimulia katika utendi wake kwamba maisha yake na mumewe yalikuwa ya furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima, na alipofikiwa na mauti mumewe alimkariria radhi zake. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Alimwachia Mwana Kupona watoto wawili: binti, jina lake Mwana Hashima, aliyezaliwa hapo mwaka 1841, na mwana wa kiume, Muhammad, aliyekuwa bado mchanga. Vita vya Siyu viliendelezwa na watoto wakubwa wa Bwana Mataka, mpaka mji ukaanguka katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid.

Mjane akahamia Lamu, na huko ndiko maradhi yalikomshika.

Waliosimulia habari zake wamesema kuwa kilichomwua ni kutokwa damu ya kizazi. Zamani hizo hapakuwa na daktari wa kuupima ugonjwa huo na kuupa jina. Siku hizi madaktari husema kuwa damu itokayo pasipo wakati wake, khasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, ni katika dalili za kwanza za kansa ya mlango wa kizazi na ya kizazi chenyewe, na kansa ya mlango wa kizazi ni katika zile zinazoua wanawake wengi zaidi katika nchi hizi zetu. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikifichwa, hula ndani kwa ndani mpaka siku ambayo dawa haifai kitu.

Na kufichwa ndiyo mila. Mwanamke humficha mumewe na mama mkwe, na ndugu zake pia. Wapo wanaoacha hata sala, wakidhani kuwa madhali damu inatoka basi hawana ruhusa ya kusimama mbele ya Mola wao. Miezi hupita, na mgonjwa yuko peke yake, hana mtu na hana swala. Hili ni kosa kubwa, na lastahili kusemwa wazi wazi. Fatima binti Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia kuwa damu haimkatiki, akauliza je, aache kuswali? Mtume akamjulisha kwamba hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Aache sala katika siku za ada yake tu, kisha ajitwahirishe na kuswali. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wakabainisha kwamba mwanamke wa namna hiyo hujisafisha, hujifunga kitambaa, na hutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake. Hufunga Ramadhani, na husoma Kurani. Asiyeweza kusimama huswali kaketi, na asiyeweza kuketi huswali kalala ubavu, kama alivyoamrishwa sahaba Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa. Mlango haukufungwa na Mwenyezi Mungu. Watu ndio wanaoufunga kwa kutojua.

Mwana Kupona alijua, maana alikuwa mwanamke aliyesoma. Ugonjwa wake ulipotimia mwaka, hakugeukia ukuta. Alimwita binti yake asogee karibu, akamwambia kuwa muda wote huo wa maradhi hakupata nafasi ya kumwambia neno jema, kisha akamtaka akae mbele yake na wino na karatasi, kwani moyoni alikuwa na maneno anayopenda kumpa. Mwana Hashima alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Ulikuwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani mwaka 1858. (Katika mwaka huo huo wa 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji, ukingoni mwa Tanganyika, wakawakuta Waarabu na watu wa pwani wamekwisha tangulia. Njia hiyo ndiyo mojawapo iliyoleta Uislamu na lugha ya Kiswahili mpaka Burundi.)

Akaanza kwa jina la Mungu na kumsalia Mtume na masahaba. Akakumbusha kuwa mwanadamu si kitu na dunia si yetu. Kisha akamwambia bintiye kuwa atampa hirizi aifunge kwa uzi, na atamtungia kidani cha lulu na marijani. Hapa wasomaji wasighafilike. Hirizi hiyo haikuwa karatasi iliyoshonwa katika ngozi. Ilikuwa ni maneno: kushika dini, kutekeleza faradhi na sunna kadiri ya uwezo, kuwa na adabu na ulimi mwema, kuwa mkweli. Mwanamke mgonjwa, mke wa sheikh, katika mji uliojaa walimu, angeweza kupata hirizi za kila namna, naye akachagua hiyo. Leo mtu akiona uvimbe katika titi, huanza kwa mwuza hirizi wa mtaa wa kwanza, akaenda kwa wa pili, mbuzi akauzwa, kisha shamba, na hospitali ikawa ya mwisho. Mtume ameamrisha watu wajitibu, na kujitibu hakupunguzi tawakali hata chembe.

Katika wasia wake aliweka radhi tano ambazo kiumbe akizipata atastarehe duniani na akhera: radhi ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Beti za namna ya kumtunza mume ni nyingi na zinajulikana, hapana haja ya kuzirudia hapa. Iliyo ajabu zaidi ni nasaha yake juu ya watu wengine. Alimwusia binti yake awe mchangamfu, azungumze na watu kwa mzaha wenye kuwafurahisha, na neno litakaloudhi, ni kheri alinyamazie. Nasaha hii imetoka kwa mtu aliyekuwa akiumwa! Wagonjwa wengi wa maradhi marefu hukasirika, wakawa wachungu kwa wanaowauguza, na hawalaumiwi, maana maumivu ni mazito. Lakini aliyepata kumwuguza mtu wa kansa hujua kuwa wageni hupungua kadiri siku zinavyozidi. Mwezi wa kwanza mkeka hautoshi. Mwezi wa sita anabaki mama, au dada, au jirani mmoja mwenye moyo. Mwana Kupona alimfundisha binti yake jinsi ya kuwafanya watu wapende kuketi naye, na hapana shaka kuwa alikuwa akimfundisha jambo alilolifanya mwenyewe juu ya kitanda chake.

Alipokwisha kumwusia mwanawe, akamgeukia Mola wake. Karibu theluthi moja ya utendi ni dua, na sehemu hii ndiyo isomwayo kidogo kuliko zote. Aliomba rehema, akaomba kuondolewa dhiki, akawakabidhi kwa Mungu watoto wake na ndugu zake, kisha akawaombea Waislamu wote. Hakuomba kama mtu anayedai, wala kama mtu aliyekata tamaa. Ni dua ya mtu anayeweka amana mahali anapopaamini. Jina lake lilikuwa Kupona, na kupona ndiko anakokuomba kila mgonjwa. Yeye hakupewa kupona kwa mwili. Alifariki Lamu miaka michache baadaye. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kuna neno jingine katika mwisho wa utendi ambalo watu wa Gasorwe watalielewa upesi. Mwana Kupona alijitaja kuwa ni gharibu mwenye majonzi, aliyetaraji kuwa Mola atamsamehe madhambi yake. Lamu si mbali na Pate. Ni safari ya jahazi ya siku moja. Lakini mwanamke aliyetoka katika mji wake, mumewe kafa, vita vimewatawanya watu wake, naye yu mgonjwa, alijiona mgeni. Wakongomani waliofika katika kambi iliyofunguliwa Gasorwe mwaka 2002 wanajua ugeni wa namna hiyo. Na mgonjwa wa kansa naye ni gharibu, hata akiwa katika nyumba aliyozaliwa: watu wa afya wako upande mmoja na yeye yuko upande wa pili. Kwa hiyo kumzuru mgonjwa katika dini hii ni haki yake juu ya Mwislamu mwenziwe, si hisani anayofanyiwa. Mtume alikuwa akiwazuru wagonjwa, hata kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alikwenda kumtazama na kuketi karibu na kichwa chake.

Baada ya binti yake, aliwaita na wanawake wengine, akawaambia wausome utendi wote na waufahamu maana yake. Nao wakausoma. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukanakiliwa kwa mkono, mama akampa binti, na wengine wakauhifadhi kwa moyo kwa kuwa beti zake ni fupi na za mizani nyepesi. Hapakuwa na chapa wala mtu wa kuutangaza. Miaka hamsini na tisa baada ya kutungwa, mwaka 1917, bibi wa Kiingereza Alice Werner aliupiga chapa pamoja na tafsiri, na mwaka 1934 ukatolewa tena kitabu, kwa kazi yake na ya William Hichens. Mwana Hashima, yule msichana aliyeleta wino na karatasi, aliishi umri mrefu akauona utendi wa mama yake ukienea katika miji ambayo mama huyo hakuifikia. Baba yake alikuwa shujaa wa vita ambaye wafalme walimwogopa. Leo wengi wanaolitaja jina la Bwana Mataka hulitaja kwa sababu alikuwa mume wa Mwana Kupona.

Katika beti za mwisho mgonjwa huyo aliandika jina lake, Mwana Kupona Mshamu, na mji aliozaliwa, Pate. Akaandika tarehe, mwaka 1275. Kisha akahesabu beti zake, zikawa mia na mbili.