Matt Talbot: mlevi wa bandarini aliyeahidi miezi 3 tu



Vijana wenzangu, safari hii nawaletea maisha ya kibarua mmoja wa bandarini. Nimemchagua kwa ajili ya vijana wetu wa Unguja. Hapa Mji Mkongwe neno teja si geni, na unga umeingia nyumba za Waislamu na za Wakristo bila kubagua. Wapo pia wenzetu waliovuka kutoka bara kutafuta kazi hotelini, Nungwi au Paje, na pombe ikawasahaulisha kilichowaleta. Ukikaa nao, wengi wanakwambia hivi: nimejaribu kuacha, nimeshindwa, mtu kama mimi habadiliki tena. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia habari za Matt Talbot.

Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya 12. Kwao walikuwa maskini, na baba alikunywa sana. Shule aliigusa tu. Alipofika miaka 12 akapata kazi kwa wafanyabiashara wa pombe, kwenye kujaza chupa, na humo humo akaanza kuonja. Baadaye akahamia bandarini, kwenye maghala ya wiski. Yaani ni kama kumpa mtoto mzinga wa asali aulinde!

Alikunywa miaka 16. Mshahara ukiisha, anaweka rehani hata viatu. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla mpiga muziki wa mtaani, wakaiuza, wakanywea. Fidla ile ndiyo iliyokuwa inamlisha yule maskini.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikaa wiki nzima bila kufanya kazi. Jumamosi mfukoni hana kitu. Akasimama karibu na baa, akijua wenzake watapita na mshahara wao, na wengi wao alikuwa amewanywesha sana. Wakapita, wakamsalimu, hakuna aliyemkaribisha. Ilimuuma kweli. Akarudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama akamwonya asiende kama hana nia ya kuishika, kisha akamwombea baraka. Matt akaenda seminari ya Holy Cross pale Clonliffe, akaungama kwa padre, akaahidi. Aliahidi miezi 3 tu.

Hapo ndipo napenda tukae kidogo. Hakuahidi maisha yote, kwa sababu hakujiamini kiasi hicho. Miezi ile ilipokwisha akaiongeza, na baadaye ndipo akaahidi hadi kufa. Na haikuwa rahisi, jamani. Vijana wa hapa wanaijua arosto, jinsi mwili unavyodai kitu chake. Matt alisumbuliwa zaidi jioni, saa ambazo zamani zilikuwa za baa. Akaacha kutembea na pesa. Jioni akaenda kanisani, alfajiri akawahi Misa ya saa 11 kabla ya kazi. Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea. Matt hakusoma falsafa, ila aliishi hivyo: ile nafasi ya baa hakuiacha wazi, aliijaza sala. Na kila asubuhi aliomba neema, maana alijua nguvu zake mwenyewe zimemfikisha wapi.

Kisha akaanza kulipa madeni, baa moja baada ya nyingine. Yule mpiga fidla alimtafuta sana mjini asimpate, basi akatoa fedha Misa ziadhimishwe kwa ajili yake.

Mwaka 1890 akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Alijikaza akasoma hata maandishi ya Mtakatifu Augustino, na mshahara wake mdogo akaugawa kwa maskini na kwa misioni. Tarehe 7 Juni 1925, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, alianguka njiani akienda Misa, akafa. Alikuwa na miaka 41 bila pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa.

Mwilini mwake walikuta minyororo. Najua habari hii inatukwaza sisi wa Unguja, ambao soko la watumwa lilikuwa hapo Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Lakini minyororo ile ilikuwa ishara ya kujitoa kwa Yesu kwa mikono ya Maria, kama alivyofundisha Mtakatifu Louis-Marie wa Montfort, ambaye wana-Legio mnamfahamu. Kanisa halituagizi tuivae. Ila chupa ilimfunga Matt bila kumuuliza, na huu mwingine aliuchagua akiwa mtu huru.

Ndugu yangu unayepambana, neema haifuti msaada wa watu. Matt alihitaji mama wa kumwombea na padre wa kumsikiliza. Hapa Unguja tuna soba hausi ambamo vijana wanatembea hatua 12, na kulipa waliowakosea ni mojawapo. Ipo pia huduma ya methadone pale Kidongo Chekundu. Kwenda huko si kukosa imani. Nenda, na Minara Miwili uje kuungama pia. Ukianguka, rudi tena. Nasi tulio nje tujiangalie: kijana akitoka soba hausi akaja jumuiya, tunamsogezea kiti au tunaficha simu?

Ee Mungu, uliyemwinua Matt Talbot kutoka ulevini, wainue na ndugu zetu wanaofungwa na pombe na unga. Uwape nguvu ya leo, na kesho uwape ya kesho. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.