Roald Dahl: Kicheko na Kilio

Usiku mmoja wakati wa likizo nilikuwa nikisoma kitabu kiitwacho Matilda kwa mwanga wa koroboi. Nilipasuka kicheko hadi mama akaamka na kuniuliza kulikoni. Nikamweleza kwamba mwalimu mkuu amemkamata msichana kwa nywele zake zilizosukwa, akamzungusha kama kombeo na kumrusha ng'ambo ya ua. Mama alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Akasema mwalimu wa aina hiyo mahali pake ni jela, akarudi kulala. Mimi usingizi ulinipaa. Ni mtu wa namna gani huyu, anayeandika mambo ya kutisha hivi halafu watoto wanacheka? Nikaanza kumsaka vitabuni.

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Cardiff, nchini Wales. Wazazi wake walikuwa watu wa Norway. Baba yake alikuwa na mkono mmoja tu, lakini alitajirika kwa biashara ya meli. Mwaka wa 1920, Roald akiwa na miaka mitatu, dada yake Astri alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Astri alikuwa na miaka saba. Wiki chache baadaye baba naye akaaga dunia kwa nimonia. Ule umri wa miaka saba usiusahau, maana tutaurudia. Mama alibaki na watoto katika nchi ya ugeni, akawalea huku akiwasimulia hadithi za kwao za mazimwi na wachawi.

Shuleni Roald alikuwa mtundu ajabu. Alipokuwa na miaka minane, yeye na wenzake wanne walimtia panya mfu ndani ya chupa ya peremende dukani kwa mama mmoja waliyemchukia. Si walikiona cha mtema kuni! Mwalimu mkuu aliwacharaza bakora, na mwenye duka akaja kutazama kwa macho yake. Kwa hivyo yule mwalimu mkuu wa Matilda hakutoka hewani. Baadaye, katika shule ya bweni ya Repton, wanafunzi walikuwa wakiletewa chokoleti mpya na kampuni ya Cadbury wazionje na kutoa maoni yao. Sisi tunaletewa githeri, na maoni yetu hakuna anayeyauliza. Chokoleti hizo ndizo zilizozaa kitabu cha Charlie and the Chocolate Factory.

Sasa njoo huku kwetu. Hakwenda chuo kikuu. Aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell mwaka wa 1934, na mwaka wa 1938 akatumwa Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Huko alijifunza Kiswahili, akaugua malaria, akaishi na wapishi na watumishi kama Wazungu wote wa ukoloni. Siku moja akiwa bara alishuhudia simba akimbeba mke wa mpishi mdomoni, kisha akamwachilia bila jeraha lolote. Kwa maelezo yake mwenyewe, gazeti la East African Standard la hapa Nairobi lilimwomba aandike kisa hicho, likamlipa pauni tano. Yaani riziki yake ya kwanza ya uandishi ilitoka Nairobi! Niliposoma hayo nilitembea kifua mbele siku nzima.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939 aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga. Alikuwa mrefu kama mlingoti, futi sita na inchi sita, hata kichwa kilichomoza nje ya kile kindege cha kujifunzia. Wengi wa wale waliofunzwa pamoja naye waliuawa vitani. Yeye, Septemba 1940, ndege yake ilianguka na kuwaka moto katika jangwa la Misri. Fuvu lilipasuka, akawa kipofu kwa wiki kadhaa. Alipona, akapigana tena Ugiriki mwaka wa 1941, kisha maumivu ya kichwa yakamrudisha nyumbani. Mwaka wa 1942 akiwa Marekani alianza uandishi wa dhati.

Alimwoa mwigizaji Patricia Neal mwaka wa 1953, wakajaliwa watoto watano. Hapa ndipo aliporuka majivu na kukanyaga moto. Mwaka wa 1960 mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne, aligongwa na teksi huko New York, maji yakawa yanajaa kichwani. Kifaa cha kuyatoa kilikuwa kikiziba kila mara. Dahl hakukaa kulia tu. Alimtafuta fundi wa injini za ndege za kuchezea, Stanley Wade, na daktari wa upasuaji, Kenneth Till, wakaunda vali bora zaidi. Theo alipata nafuu kabla haijakamilika, lakini vali hiyo ilitumiwa kwa watoto wapatao 3,000.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1962, binti yake wa kwanza, Olivia, alishikwa na ukambi. Alionekana anapona, kumbe ugonjwa umeingia kwenye ubongo. Alikufa akiwa na miaka saba. Ndiyo, saba, kama Astri. Chanjo ya ukambi ilikuwa bado haijatolewa kwa watu. Mwaka wa 1965 mkewe naye akapatwa na kiharusi akiwa mjamzito. Dahl alimlazimisha kujifunza upya kutembea na kusema, kwa ukali ambao wengine waliuona ni ukatili. Waliachana mwaka wa 1983.

Ukiyajua hayo, vitabu vyake unavisoma kwa jicho jingine. James and the Giant Peach, cha 1961, kinaanza na wazazi kuliwa na kifaru aliyetoroka. Unacheka kabla hujatambua kwamba James sasa ni yatima. Katika The Witches, cha 1983, mvulana anageuzwa panya na harudi kuwa mtu tena. Nilikasirika! Nilingoja hadi ukurasa wa mwisho arudi. Lakini yeye anafurahi, kwa sababu panya ataishi miaka michache tu na nyanya yake naye ni mzee, basi wataondoka karibu wakati mmoja. Nadhani mtu ambaye hajazika mtoto hawezi kuandika jambo kama hilo na likachekesha.

Ila sitamtia mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika toleo la kwanza la Charlie, la 1964, wale wafanyakazi wadogo wa kiwandani walikuwa mbilikimo weusi kutoka msitu wa Afrika, waliosafirishwa ndani ya masanduku na kulipwa kwa kakao. Watu walilalamika, na katika toleo la 1973 akawabadilisha wakawa si Waafrika tena. Mimi nilikuwa nimecheka kwa toleo lililosafishwa. Nilipogundua nilikifunga kitabu kwa wiki nzima. Mtu aliyekula chakula chetu na kusema lugha yetu, jamani! Aliwahi pia kuwatukana Wayahudi hadharani, na familia yake ikaomba radhi mwaka wa 2020. Baada ya wiki ile nilikifungua tena, nikacheka tena, lakini wale vijana wa kiwandani siwapiti haraka kama zamani.

Aliandika akiwa ndani ya kibanda bustanini, ubao juu ya mapaja, penseli za manjano sita zimechongwa. Mwaka wa 1982 alitoa The BFG na kumtunukia Olivia, miaka ishirini baada ya kumzika. Mwaka wa 1986 aliwaandikia wazazi akieleza jinsi binti huyo alivyokufa na kuwasihi wawapeleke watoto wao wachanjwe. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa Great Missenden pamoja na penseli zake na chokoleti.