George Washington, Mpima Ardhi

Jina la George Washington lajulikana kwa kila aliyepita darasani: jemadari aliyewashinda Waingereza, na Rais wa kwanza wa Marekani. Lakini kabla hajashika upanga alishika mnyororo wa kupimia ardhi, na hatutamwelewa vema tusipoanzia hapo.

Alizaliwa Virginia tarehe 22 Februari, 1732. Baba yake alifariki mwaka 1743, akamwachia mtoto huyo wa miaka 11 shamba moja na watumwa 10. Kaka zake wa mama mwingine walikuwa wamesomeshwa Uingereza. Yeye hakupata bahati hiyo, ikambidi atafute kazi.

Mwaka 1748 alifuatana na wapima ardhi waliokwenda ng'ambo ya milima ya Blue Ridge, katika nchi ya Bwana Fairfax, mkabaila aliyemiliki ekari zaidi ya milioni 5. Usiku mmoja kijana alivua nguo zake na kupanda kitandani kama alivyozoea kwao. Kumbe kitanda chenyewe kilikuwa majani makavu na blanketi moja lililojaa chawa na viroboto! Tangu hapo aliona heri alale nje, karibu na moto. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alifanywa mpima ardhi wa wilaya ya Culpeper.

Kazi ile yataka uaminifu. Mpima hutazama dira, wasaidizi huvuta mnyororo toka mti hadi mti, na kosa dogo la leo huwa kesi ya wajukuu. Washington alikuwa hodari. Lakini mpima ndiye wa kwanza kuona udongo mzuri uko wapi. Naye aliuona, akautamani. Alipofika miaka 20 alikuwa na ekari zaidi ya 2,000; alipokufa, zaidi ya 50,000. Mwaka 1763 Mfalme wa Uingereza aliwakataza raia wake kuhamia magharibi ya milima ya Appalachian, nchi waliyoachiwa wenyeji wa asili. Mwaka 1767 Washington alimwandikia mpima mwenzake, William Crawford, amtafutie ardhi huko huko, tena kwa siri. Ndivyo alivyofanya mtu aliyejua maana ya mpaka kuliko wengi wa rika lake.

Mwaka 1758 alichaguliwa kuingia Baraza la Virginia, na mwaka 1775 akakabidhiwa jeshi. Jambo moja la mwaka huo latuhusu sisi Wakatoliki. Ilikuwa desturi huko, kila tarehe 5 Novemba, kuchoma sanamu ya Baba Mtakatifu kwa dhihaka. Jemadari aliwakataza askari wake kwa amri kali. Ni kweli kwamba alihitaji urafiki wa Wakatoliki wa Kanada; hata hivyo amri ni amri, na wengine hawakuitoa.

Vita vilipokwisha jeshi lilimpenda na Bunge lilikuwa dhaifu. Tarehe 23 Desemba, 1783, mjini Annapolis, alirudisha mamlaka yote aliyopewa, akaenda nyumbani kwa Noeli. Alishika Urais toka 1789 hata 1797, kisha akaacha kwa hiari yake. Hapo, twakiri, aliuona mpaka akausimamia.

Kuhusu watumwa hakuuona upesi. Akiwa Rais alikaa Philadelphia, na sheria ya jimbo lile ilimpa uhuru mtumwa aliyekaa humo na bwana wake zaidi ya miezi 6. Basi Washington aliwatoa watumwa wake nje ya jimbo kabla muda haujatimia, kisha akawarudisha. Mwaka 1796 msichana mmoja, Ona Judge, mtumishi wa Bibi Martha Washington, alitoroka kwa merikebu hadi New Hampshire. Rais alituma watu wamrudishe, naye akakataa.

Katika wosia wa Julai 1799 Washington aliagiza watumwa wake mwenyewe, zaidi ya 120, waachwe huru mkewe atakapokufa. Alifariki tarehe 14 Desemba mwaka huo. Bibi Martha hakungoja: waliachwa huru tarehe 1 Januari, 1801. Ila wale waliotoka katika urithi wa mume wake wa kwanza, wosia haukuwafikia. Ona Judge alikuwa mmoja wao. Alikufa New Hampshire mwaka 1848, na kwa sheria alikuwa mtoro bado.