Babe Ruth: Aliyeuzwa Boston ikajuta

Babe Ruth, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alizaliwa Baltimore mwaka 1895. Alilelewa katika shule ya watoto watukutu, akajifunza kushona mashati na kucheza mpira huo. Akiwa Boston Red Sox alitwaa ubingwa mara 3.

Desemba 1919 mwenye timu, Harry Frazee, aliyehitaji fedha, alimuuza kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Mashabiki wa Boston waligawanyika: wengine walilia hasara, wengine walisema ni mkaidi, aende zake.

Msimu wa 1920 Ruth aliuvusha mpira nje ya uzio mara 54, rekodi mpya. Yankees walitwaa ubingwa wao wa kwanza 1923. Ruth alifariki 1948. Boston, mabingwa wa 1918, walisubiri taji jingine hadi 2004.