Francis Joseph Campbell: Mtetezi wa Viungo vya Mtoto Asiyeona

Mtoto asiyeona hukabiliwa na kizuizi cha pili kisichotokana na macho yake. Jamaa zake, kwa huruma, humkalisha kitako wakichelea asije akajikwaa. Matokeo yake ni kwamba hukua akiwa na viungo vilivyolegea, mwendo wa kusitasita na mikono isiyozoea kazi. Huruma ya namna hiyo ndiyo aliyoipiga vita Francis Joseph Campbell maishani mwake.

Campbell alizaliwa mwaka wa 1832 katika jimbo la Tennessee, Marekani. Akiwa mtoto mdogo alichomwa jichoni na mwiba, na hatimaye akawa kipofu. Katika shule ya vipofu ya Nashville, ilidaiwa kwamba hakuwa na kipaji cha muziki, akanyimwa somo hilo. Hata hivyo, alijifunza piano kisirisiri kwa msaada wa mwanafunzi mwenzake, na baadaye akawa mwalimu wa muziki uo huo aliokatazwa. Alifundisha pia katika shule ya Perkins mjini Boston, iliyoongozwa na Daktari Samuel Gridley Howe.

Mwaka wa 1872, akishirikiana na Daktari Thomas Rhodes Armitage, ambaye naye alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, Campbell alifungua chuo cha vipofu huko Upper Norwood, London. Chuoni humo muziki na ufundi wa kurekebisha piano vilifundishwa kwa bidii, lakini mazoezi ya viungo ndiyo yaliyokuwa msingi. Wanafunzi waliogelea, walipiga makasia, waliteleza kwenye barafu na hata kuendesha baiskeli. Campbell alishikilia kwamba mwili uliodhoofika huzaa woga, na kwamba mwoga hawezi kujitafutia riziki hata akiwa na ujuzi. Kwake, kumfunza mtoto kutembea wima kulikuwa hatua ya kwanza ya kumwepusha na maisha ya kuombaomba.

Mwaka wa 1880 aliukwea mlima Mont Blanc, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,800. Waliodhani kwamba anawatwika wanafunzi mzigo asioweza kuubeba mwenyewe walipata jibu.

Mwaka wa 1909 alitunukiwa hadhi ya ‘Sir’ nchini Uingereza, na akafariki mwaka wa 1914. Wataalamu wa tiba ya viungo wanaowafunza watoto wasioona kutambaa, kupapasa na kutembea bila kushikwa mkono wanaendeleza kazi aliyoipigania.