Leonor de Guzmán: Mama wa nyumba ndogo aliyezaa ukoo wa wafalme

Msikilizaji, ugomvi wa watoto wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo baada ya baba kufa unaujua. Huko Hispania, zaidi ya miaka 600 iliyopita, ugomvi kama huo uliua ndugu wengi na kubadilisha ukoo unaotawala.

Leonor de Guzmán alizaliwa yapata mwaka 1310, katika familia yenye ardhi na jina kubwa mjini Sevilla. Aliolewa mapema, mumewe akafariki, akabaki mjane angali msichana. Hapo ndipo Mfalme Alfonso wa 11 wa Castilla alipompenda.

Mfalme alikuwa na mke. Mwaka 1328 alimwoa María, binti wa mfalme wa Ureno na binamu yake mwenyewe. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Leonor, akazaa naye watoto 10, tisa wa kiume na binti mmoja. Mwaka 1334 nyumba zote mbili zilipata watoto: Leonor alijifungua mapacha, Enrique na Fadrique, na Malkia María akamzaa Pedro.

Sheria ya kanisa ilitambua mke mmoja tu, kwa hiyo kiti cha ufalme kilikuwa cha Pedro. Mfalme akawatafutia watoto wa Leonor riziki nyingine: mashamba, miji, vyeo. Fadrique alipewa uongozi wa shirika la wapiganaji wa Santiago, lenye ardhi nyingi, akiwa bado mtoto. Malkia na mwanawe walikaa pembeni wakiyatazama hayo yote. Ni miaka mingi ya kumeza machungu, na mimi sishangai yaliyofuata.

Mwaka 1350 Alfonso alikuwa ameuzingira mji wa Gibraltar. Tauni iliyokuwa ikiua watu kote Ulaya ikaingia kambini na kumuua. Pedro, kijana wa miaka 15, akawa mfalme, na Leonor akatiwa kizuizini.

Hata akiwa kifungoni hakukaa bure. Alipanga kwa siri ndoa ya Enrique na Juana Manuel, binti mwenye damu ya kifalme ambaye watu wa Pedro walikuwa na mipango mingine naye. Ndoa ikafungwa haraka. Enrique akakimbia, mama akabanwa zaidi. Mwaka 1351 alipelekwa Talavera, mji wa Malkia María, akauawa huko.

Damu haikuishia hapo. Mwaka 1358 Pedro aliamuru ndugu yake Fadrique auawe katika jumba la kifalme la Sevilla. Mwaka uliofuata waliuawa wadogo zao wawili, Juan na Pedro. Enrique akatafuta msaada Ufaransa na kwa mfalme wa Aragon, vita vikapiganwa miaka kadhaa, hadi Machi 1369 huko Montiel, alipokutana na Pedro ana kwa ana na kumuua kwa kisu.

Mtoto wa Leonor akawa Mfalme Enrique wa Pili, na Juana Manuel akawa malkia. Kizazi cha tano kutoka kwa Leonor alizaliwa Isabel, malkia aliyemgharamia Columbus safari yake ya mwaka 1492. Mume wa Isabel, Fernando wa Aragon, naye alikuwa wa uzao wa Enrique.