Rugomora Mahe, mfalme wa Buhaya aliyetaka kuona mbingu

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Maruku unafika kijiji cha Katuruka, penye migomba na mibuni kama vijiji vingine vya Buhaya. Hapo, karne ya 17, palikuwa na kikale, yaani makao ya mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara. Wazee wa eneo hilo wanamkumbuka kwa mambo mengi, lakini moja linajulikana kuliko yote. Aliamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ili apande juu akaone mbingu zilivyo.

Rugomora Mahe alikuwa wa ukoo wa Bahinda, ukoo uliotoa wafalme Kyamutwara, Ihangiro ambayo leo iko Muleba, Karagwe na kwingineko. Wakati wake, mtu wa Buhaya hakuuona ulimwengu kama kitu kitupu. Kazoba alihusishwa na jua. Mugasha alikuwa mwenye ziwa, mvua na dhoruba, na wavuvi wa Nyanza walimheshimu kabla ya kuingia majini. Irungu alikuwa mwenye pori. Wamara alitawala chini, kwa waliokufa. Mwezi mpya ulipoandama, ibada zilifanyika katika makao ya wafalme, kwa sababu nguvu za mfalme na mwendo wa mwezi vilionekana kwenda pamoja. Kwa ufupi, juu kulikuwa na wenyewe, na chini kulikuwa na wenyewe.

Kwa hiyo mfalme huyu hakuuliza kama huko juu kuna chochote. Hilo alilijua kwa imani ya watu wake. Alichotaka ni kwenda kujionea kwa macho yake.

Simulizi zinaeleza kwamba aliita wahunzi, abahesi kwa Kihaya, wakakusanyika karibu na kikale. Walifua chuma chini ya mti mkubwa mahali panapoitwa Kaiija, jina linalohusu kazi ya kufua chuma. Mnara ukapanda, ukazidi kupanda, kisha ukaanguka na kuua mafundi. Mfalme hakuziona mbingu. Masimulizi yanatofautiana hapa na pale, lakini mnara, wahunzi, mti wa Kaiija na anguko havikosekani.

Sasa tuangalie dunia ilikuwaje wakati huo. Mwaka 1600, mjini Roma, mtawa wa zamani Giordano Bruno alichomwa moto akiwa hai. Alikuwa amefundisha kwamba nyota ni majua kama jua letu, zikiwa na dunia zake na viumbe wake, na hilo lilikuwa miongoni mwa mafundisho mengi aliyoshitakiwa nayo. Mwaka 1609 Galileo Galilei wa Italia alielekeza darubini mbinguni, akaona milima mwezini. Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Tangu hapo wasomi wa Ulaya wakaanza kubishana kwa nguvu: ikiwa mwezi una milima kama dunia, je, una watu?

Galileo alitumia kioo, Rugomora Mahe akatumia chuma. Hawakujuana, na karne moja iliwakuta wote wawili na hamu ileile. Kila mmoja alishika kile ambacho mafundi wa kwao walikimudu kuliko vyote.

Na Wahaya walikimudu chuma kwelikweli. Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifuata maelezo ya wazee wa Katuruka na kuchimba pale Kaiija walipoonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma. Yalipopimwa umri, yalionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000, maana yake yalikuwepo muda mrefu sana kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa.

Baadaye katika miaka hiyo ya 1970, Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani warudie kazi hiyo. Wazee walijenga tanuri la udongo, wakajaza shimo lake majani ya bwawani yaliyochomwa, wakavukuta hewa kupitia mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri. Hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likawa kali sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 na kuwashangaza wengi waliodhani Afrika haikuwa na ufundi wa namna hiyo.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Uchimbaji haukuthibitisha kwamba mnara ulijengwa. Wengine husikia habari hii wakakumbuka mnara wa Babeli katika Biblia, wakadhani ililetwa na wamisionari waliofika mwishoni mwa karne ya 19. Lakini Babeli ni habari ya matofali na lugha kuvurugika, na hii ni habari ya chuma, tena imefungwa kwenye mahali ambapo chuma kimekutwa ardhini. Kilichothibitishwa ni kwamba wazee walikuwa sahihi juu ya mahali. Kumbukumbu ya wahunzi wa Kaiija ni ya kale kuliko Bahinda, na huenda mfalme alijenga kikale hapo ili heshima ya chuma iwe yake.

Swali la mfalme lenyewe bado liko wazi. Karne ya 19 baadhi ya wanaastronomia waliamini wameona mifereji iliyochimbwa na viumbe katika sayari ya Mirihi. Mwaka 1965 chombo cha Marekani kilipiga picha karibu na Mirihi, zikaonyesha mashimo na jangwa. Mwaka 1995 wanasayansi walitangaza sayari inayoizunguka nyota nyingine inayofanana na jua letu, na leo zinazojulikana zimepita 5,000. Uhai nje ya dunia haujapatikana hata mmoja. Alichosema Bruno kuhusu nyota kuwa majua ni kweli. Alichosema kuhusu viumbe bado kinatafutwa.

Mahali panapotajwa kuwa maziko ya Rugomora Mahe ni hapo hapo Katuruka. Kwa miaka mingi eneo hilo lilisahaulika. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi kabla hawajasimulia waliyoyajua. Baadaye wanakijiji wenyewe walianza kulifufua eneo na kukusanya masimulizi kwa wazee waliobaki.

Wazee wa aina hiyo wako pia Muleba, Kiziba, Misenyi na visiwani. Schmidt asingejua pa kuchimba kama hapangekuwa na mzee wa kumwonyesha. Simu uliyoishika ukisoma makala hii inarekodi sauti. Leo jioni, mkiwa mmekaa na babu au bibi, mwombe akusimulie habari za Rugomora Mahe kama alivyozisikia yeye.